Kuuliza Haja ya Kijiji

Katika lugha yetu neno haja lina heshima yake. Mtu mwenye haja kwa mwenziwe haanzi kwa kuitaja. Hupiga hodi, akakaribishwa, akapewa maji, akaulizwa habari za atokako na za watu aliowaacha nyumbani, na baada ya hayo yote, mwenyeji aonapo kuwa mgeni ametua moyo, ndipo humwuliza, "Je, una haja gani nasi?" Neno hilo hilo tumelitumia pia kuyasitiri yale ambayo mtu mzima hayatendi mbele ya watu. Yamkini ni bahati tu ya lugha, lakini ni bahati yenye busara ndani yake, kwani haja ya mtu ni sehemu ya siri yake, na anayeiuliza huwa ameomba kuingia katika chumba cha ndani.

Tumeanza na adabu hii ya kale kwa sababu jambo tunalotaka kulijadili siku hizi lina haraka nyingi. Kila mwaka hutoka mijini watu wenye madaftari, na sasa wenye simu na kompyuta, wakaenda vijijini kuzitafuta haja za wananchi, ili ubunifu wa kuiendeleza jamii upate msingi wa kusimamia. Nia yao aghalabu ni njema, nasi hatuishitaki. Twauliza neno jingine. Nani ana haki ya kusema kwamba kijiji fulani kina haja fulani? Na yule aliyekwisha kuuliza, akajibiwa, anadaiwa nini na waliomjibu?

Mfano wa kutouliza tunao hapa nchini, nao umesomwa mpaka ng'ambo. Mwaka 1946, vita vikuu vya pili vikiwa vimekwisha, Uingereza ilikuwa na upungufu wa mafuta ya kula. Ujumbe wa wataalamu ukatumwa Afrika ya Mashariki, ukazunguka kwa wiki chache, mahali pengine ukiitazama nchi kutoka ndani ya ndege, ukarudi na shauri la kulima karanga katika ekari zaidi ya milioni 3. Kazi ilianza Kongwa mwaka 1947, kisha Urambo na Nachingwea. Matrekta yakapambana na mibuyu yakashindwa. Udongo wa Kongwa, mvua zilipokatika, ulikauka ukawa mgumu kama sakafu, na karanga zikakwama ndani yake. Mwaka 1951 mpango ukavunjwa, na kiasi cha pauni milioni 36 zikawa zimekwenda na upepo. Wagogo walikuwa wameishi katika nchi ile kwa vizazi vingi. Mtama wao, uwele wao, na mifugo yao waliyoihamisha kufuata maji, vyote vilikuwa ni majibu yao kwa swali la mvua isiyotabirika. Haja iliyohesabiwa ilikuwa ya meza za Uingereza. Haja ya Ugogo haikuwamo katika hesabu ile, na pamoja nayo ikaachwa nje elimu ya Ugogo.

Ingekuwa raha kuishia hapo na kumcheka mkoloni. Lakini mwaka 1971, miaka kumi baada ya uhuru, Serikali yetu wenyewe ilianza mpango wa miaka 20 wa maji vijijini, ili ifikapo mwaka 1991 kila mwananchi apate maji safi katika umbali usiozidi mita 400 kutoka nyumbani kwake. Hapa hakuna awezaye kusema kuwa haja ilikuwa ya kubuniwa. Maji ni uhai, na wanawake waliokuwa wakiamka alfajiri kwenda mtoni hawakuhitaji mtafiti wa kuwaambia hivyo. Visima vikachimbwa na mabomba yakalazwa kwa wingi. Hata hivyo mengi yakanyamaza kabla mwaka 1991 haujafika, mengine kwa kukosa dizeli, mengine vipuri, mengine fundi, na mengi kwa kukosa mwenyewe. Kijiji kilisema, "Bomba la Serikali limeharibika," kikaketi kuingoja Serikali. Watu walikuwa wameulizwa kama wanataka maji. Waulizwe nani atalilinda bomba, nani atashika fedha za mafuta, na kisima kikae upande gani wa kijiji, hayo yalionekana kuwa ni mambo madogo yanayoweza kuamuliwa na mhandisi.

Haja na hoja hutengwa na herufi moja. Ofisi huishi kwa hoja: huandikwa, hupewa namba, hupelekwa mbele ya kikao, hupita au hukataliwa. Haja huishi jikoni, kisimani na zizini. Hatari ni pale hoja iliyozaliwa ofisini inapochukuliwa hadi kijijini, ikavishwa nguo za kijiji, kisha ikarudishwa ofisini na kusomwa kuwa ni haja ya wananchi. Sisi tuliokula mshahara wa Serikali kwa miaka mingi tumeziona hoja za namna hiyo, na mara nyingi ndizo zilizopigwa chapa vizuri kuliko nyingine.

Sasa na tuende Usukumani, kwa maana huko kuna habari ambayo twaiona inafaa kusomwa polepole.

Nchi ya Shinyanga zamani ilikuwa na miti. Kuanzia miaka ya 1920 misitu mingi ilifyekwa ili kumwangamiza mbung'o. Baadaye mashamba ya pamba yakapanuka, ng'ombe wakaongezeka, na katika miaka ya 1970 watu wakahamishwa kutoka katika maskani yao ya asili na kukusanywa vijijini. Ilipofika katikati ya miaka ya 1980, sehemu kubwa ya mkoa ule ilikuwa imebaki ardhi kavu yenye makorongo, na wanawake walikuwa wakitembea mwendo mrefu kwa mzigo wa kuni usiotosha siku mbili. Wengine walipikia mabua na samadi. Mwaka 1986 Serikali ikaanzisha mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, ambao watu wengi waliujua kwa jina la HASHI.

Mradi ulianza kama miradi ya namna hiyo inavyoanza. Ukaweka vitalu, ukaotesha miche, mingi ya mbegu ya kigeni, ukaigawa kwa wananchi waipande. Kwa mtazamo wa ofisi mambo yalikuwa wazi: nchi imekosa miti, basi haja yake ni miti. Lakini watumishi wa mradi walipokaa na wanavijiji na kuuliza kwa makini zaidi, jibu lilikuja kwa sura nyingine. Wasukuma walikuwa na desturi yao iitwayo ngitili. Mvua zinapoanza, mwenye ng'ombe hutenga sehemu ya ardhi yake, akaifunga, asiingize mnyama. Majani hukua bila kuguswa muda wote wa masika. Kiangazi kikikaza, na malisho mengine yakiisha, ngitili hufunguliwa, sehemu baada ya sehemu, wakalishwa kwanza ndama, na ng'ombe waliodhoofika, na maksai wa kulimia. Ndani ya uzio huo usio na waya, uzio wa makubaliano tu, miti nayo huchipua yenyewe kutoka katika mizizi iliyokuwa imelala ardhini. Hapahitajiki kitalu wala ndoo ya maji.

Desturi hii ilikuwa imedhoofika. Watu walipohamia vijijini waliziacha ngitili zao pamoja na maskani zao, na mtu hawezi kuifunga ardhi asiyoweza kuiona kutoka mlangoni pake. Kwa hiyo haja ya Shinyanga, ukiitazama vizuri, haikuwa miche. Ilikuwa ni kurudishiwa uwezo wa kutenda jambo ambalo watu walikuwa wanalijua tayari. Mradi ukaligeuzia jambo hilo nguvu zake. Ngitili za kaya zikafufuliwa, kukawa na ngitili za vijiji, na hata shule nyingine zikawa na zao. Sheria ndogo za vijiji zikaandikwa kuziunga mkono, lakini ulinzi wake hasa ukabaki mikononi mwa dagashida, yaani baraza la jadi la Wasukuma, lenye mamlaka ya kumtoza faini, iitwayo mchenya, yule anayeingiza mifugo katika ngitili ya mwenziwe au kukata miti yake.

Mwaka 1986 ngitili zilizojulikana zilikuwa na eneo la hekta 600 hivi. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 zilikuwa zimepita hekta 300,000, katika vijiji zaidi ya 800. Mwaka 2002 kazi hiyo ikatunukiwa Tuzo ya Ikweta ya Shirika la Maendeleo la Umoja wa Mataifa. Utafiti uliochapishwa mwaka 2005 ulikadiria kuwa kuni, dawa, matunda, asali, nyasi za kuezekea, malisho na vinginevyo vitokavyo katika ngitili vilikuwa na thamani ya dola 14 za Marekani kwa mtu mmoja kwa mwezi, hali wastani wa matumizi ya mtu wa kijijini nchini wakati huo ulikuwa dola 8.50. Wanawake waliokuwa wakitumia nusu ya siku kutafuta kuni walipata saa kadhaa za kufanyia mambo mengine.

Tumeieleza habari hii kwa urefu kwa sababu inakosoa fikira moja iliyozoeleka, kwamba haja ni shimo tupu linalongoja kujazwa na mtu kutoka nje. Kila haja iliyoishi na watu kwa muda mrefu ina historia ya majaribio. Mama aliyekosa kuni amekwisha kujaribu njia tano kabla mtafiti hajafika. Njia mojawapo huenda ilimfaa mpaka ilipozuiwa na jambo ambalo si kosa lake. Kwa sababu hiyo swali la "Mnakosa nini?" ni swali maskini, na huzaa majibu maskini. Swali la "Mmekuwa mkifanyaje, na ni nini kiliwazuia?" humkuta mtu akiwa amesimama juu ya ardhi yake mwenyewe. Aliyeulizwa la kwanza hujibu kama mwombaji. Wa pili hujibu kama fundi aliyeulizwa kazi yake. Ubunifu wa Shinyanga ulikuwa wa fundi, na kazi ya Serikali ilikuwa kumwondolea vikwazo na kumpa sheria ya kumlinda.

Jambo hili lina mizizi katika historia ya utafiti wa utamaduni nchini. Mwaka 1975 wizara iliyoshughulikia utamaduni wa taifa na vijana, kwa ushirikiano na Akademia ya Finland, ilianza kazi katika sehemu za magharibi za wilaya ya Bagamoyo. Kazi ile ikaitwa Jipemoyo, ikaendelea mpaka mwaka 1979. Mmoja wa viongozi wake alikuwa Marja-Liisa Swantz, mtaalamu kutoka Finland aliyekuwa amekwisha kuishi na Wazaramo akijifunza mila zao. Watafiti wa Kitanzania na wa Kifini walikaa na wakulima, wafugaji na mafundi wa vijijini, wakiwa na kanuni kwamba mwanakijiji ni mtafiti mwenza, na kwamba yaliyopatikana hujadiliwa kwanza na wale yanaowahusu. Wako waliowabeza, wakisema kuwa hiyo si sayansi. Sisi twaona fahari kwamba mlango wa fikira hiyo ulifunguliwa na wizara ya utamaduni, ambayo watu wengi waliidhania kuwa ni wizara ya ngoma na mavazi tu. Namna watu wanavyogawana maji, wanavyofunga malisho, wanavyopatana baada ya ng'ombe kuingia shambani, huo nao ni utamaduni, tena ndio ule usioonyeshwa jukwaani.

Walakini tusijidanganye kuwa kuuliza kwa adabu kunatosha. Katika safari za kikazi tumehudhuria mabaraza mengi, nayo hufanana kama ndugu. Viti huletwa kutoka shuleni. Wageni huketi mbele, wazee kando yao. Vijana husimama chini ya mti, na kina mama huketi chini, mwisho kabisa, na watoto wao. Mgeni husema, "Ndugu wananchi, tumekuja kuzisikia haja zenu." Hupita kimya. Kisha mwenyekiti huinuka akazitaja: barabara, zahanati, mashine ya kusaga. Gari likiwa la idara ya maji, maji hutangulia katika orodha. Likiwa la elimu, madarasa hutangulia. Watu wanajua mgeni ana nini mfukoni, nao humwomba kile alicho nacho. Hatuwezi kuuita uongo. Ni adabu kwa mgeni, na ni busara pia, kwani nani amwombe mchinjaji chumvi?

Karatasi ya hojaji nayo ina udhaifu wake. Sisi tulio watunzi wa mashairi twaufahamu vizuri, maana tunaujua utumwa wa kina. Mshairi aliyejifunga na kina fulani mara nyingine husema asilokusudia, kwa kuwa neno alilolikusudia halikuingia katika mizani. Hojaji yenye visanduku vitano humfanyia mwanakijiji hivyo hivyo. Neno lake likipungua au likizidi, hukatwa liingie, na mshororo ukakamilika, hali maana imebaki nje.

Katika baraza moja la namna hii, bibi mmoja mzee aliinuka alipoona kalamu zimetolewa. Vijana waliotoka mjini wakamwamkia, "Shikamoo, bibi." Akaitika, "Marahaba, wajukuu zangu," kisha akauliza bila ya hasira yoyote, "Mwaka jana walikuja wenzenu, wakaandika majina yetu, na ng'ombe zetu, na watoto wetu walio hai na waliokufa. Karatasi zile zimelala wapi?" Hapakuwa na aliyejua. Baraza liliendelea mpaka jioni, lakini kwa hakika lilikuwa limekwisha pale pale.

Bibi yule alikuwa anadai, na deni lake ndilo kiini cha swali letu. Mtu akimwambia mgeni idadi ya watoto aliowazika, amempa amana. Amana ina sheria yake katika mila zetu na katika dini zetu: haitumiwi kwa faida ya aliyeshika peke yake, na mwenyewe akiitaka huoneshwa ilipo. Mtafiti aliyepanda cheo kwa maneno ya kijiji, na kijiji hakijui maneno yake yaliandikwaje, ameila amana, hata kama hakuna sheria ya Bunge inayomshika. Tena wizi wa namna hii huzaa hasara ya pili, maana kijiji kilichokwisha kuulizwa mara nyingi bila kurudishiwa neno hujifunza kujibu kwa midomo tu. Anayekuja baadaye na nia safi huukuta mlango umefungwa, na hajui ni nani aliyeufunga.

Msomaji mwenye akili kali atatuuliza: je, mwanakijiji anazijua haja zake zote? Hapana, wala mtu wa mjini hazijui zake. Mwaka 1973 nchi yetu iliendesha kampeni ya Mtu ni Afya, ambayo watu wapatao milioni 2 waliifuata kwa makundi, wakisikiliza redio na kusoma vitabu vidogo juu ya malaria, safura, kuhara damu, kichocho na kifua kikuu. Hatujapata kusikia kijiji kilichoitisha baraza kudai vyoo. Mdudu wa safura haonekani akiingia unyayoni, na haja ya kujikinga naye haiwezi kusemwa na asiyejua kuwa yupo. Hapo mtaalamu ana wajibu wa kusema, na kunyamaza kwake kwa kisingizio cha kuwaheshimu wananchi kungekuwa ni dharau ya aina nyingine. Lakini tazama namna kampeni ile ilivyotenda: kundi lilisikiliza, likajadili, kisha likaamua lenyewe litafanya nini. Vyoo vingi vikachimbwa kwa majembe ya wenyewe. Elimu ililetwa kutoka nje na uamuzi ukabaki ndani, na huko hatuoni kosa lolote.

Ugumu ulio mkubwa zaidi ni kwamba kijiji si mtu mmoja. Tumelitumia neno hili mpaka hapa kama kwamba lina mdomo mmoja na tumbo moja. Turudi Shinyanga tuone. Ngitili zilipostawi, miti na majani vilirudi, na pamoja navyo wakarudi fisi na wanyama wengine, wanaokamata mbuzi na kuharibu mimea. Manufaa nayo hayakugawanyika sawa. Mwenye ardhi kubwa hufunga ngitili kubwa. Mwenye ng'ombe wengi hufaidi malisho mengi, na aweza hata kukodi ngitili za wengine. Kaya isiyo na ng'ombe hupata kuni na nyasi katika ngitili ya kijiji, ikiwa kijiji kinayo na ikiwa haijageuzwa mashamba. Kijana aliyeoa akakosa ardhi huitazama ngitili ya jirani mwenye mali, akaona shamba lililolala. Haja yake ni ya kweli, na haja ya mwenye ngitili ni ya kweli, na ardhi ni ile ile.

Katika hali kama hiyo, kusema "wananchi wanataka ngitili" ni kweli nusu. Mtafiti mwadilifu hana budi kuuliza kaya kwa kaya, si baraza peke yake. Amsikilize mama mahali anapoweza kusema bila ya kutazamwa, na kijana bila ya baba yake kuwapo, na mchungaji wa kuajiriwa asiye na ng'ombe hata mmoja. Kisha aweke wazi mbele ya wote kwamba haja hizi zinagombana, asizisuke zikafanana kamba moja ili taarifa yake ipendeze. Wako watakaoudhika. Mzee mwenye ng'ombe mia hatafurahi kusikia kuwa jirani zake wana neno juu ya ngitili yake, na huenda ndiye aliyempa mtafiti mahali pa kulala. Hapo ndipo adabu na ukweli huvutana, na hatuna kanuni ya kumpa mtu yeyote itakayomwokoa na mvutano huo.

Walimu wa shule za sekondari mara nyingi hutuuliza wanafunzi wao waanzie wapi, kwani hawana fedha wala magari. Hawahitaji. Mwanafunzi wa Usukumani anaporudi kwao likizo aweza kukaa na bibi yake na kumwomba amtajie ngitili zilizokuwapo kabla ya watu kuhamishwa, zilikuwa za nani, na zilifunguliwa mwezi gani. Aende kwenye dagashida, kama wazee watamruhusu, ahesabu ni wangapi waliolipa mchenya mwaka huu, na kama walikuwa wenye ng'ombe au wasio nao. Mwenziwe wa pwani aulize habari za nyavu, na wa mlimani aulize habari za mifereji. Na kabla shule haijafunguliwa, yale aliyoyaandika ayasome kwa sauti mbele ya waliomweleza, waone kama ameyasikia sawasawa.